Gari Halijiendei

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi wa magari Machakos, Mkaguzi Mkuu alinisimamisha mbele ya pikapu uani akaniuliza inafanya nini. Nikasema haifanyi kitu, imesimama tu. Akanicheka.

"Inashikiliwa," akasema. "Gari halijiendei. Ukisikia limejiendea, kuna mtu anadanganya."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo: kilichotulia hutulia mpaka kani ikisogeze, na kani ni msukumo au mvuto, msiogope jina. Niliiamini kuliko nilivyoamini watu. Dereva akiniambia breki zimekataa, nililala chini ya gari kwanza. Pole ningempa baadaye.

Halafu likaja lori la mchanga la Kalama. Lilirudi nyuma mteremkoni likipakiwa, likabomoa ghala ya Mama Nduku, aliyeishi hapo chini, na kumvunja mpakizi mguu. Dereva, Mutua, akatiwa ndani, na jela ilikuwa inamngoja. Aliapa aliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe halikuonekana. Mama Nduku akasema hakukuwa na jiwe lolote, lori limejiendea. Polisi wakamwamini mama. Mimi sikumwamini yeyote.

Pale lori lilipokuwa limesimama nikaona kishimo, udongo umebonyea ukubwa wa jiwe. Kama lori lingelisukuma jiwe lile, jiwe lingeacha mburuzo. Hapakuwa na mburuzo. Basi jiwe liliondolewa kwa mkono, na hilo lingewezekana tu lori likiwa tupu, breki ya mkono ikitosha kulishika. Mchanga ulipoongezeka, uzito ukaishinda breki.

Nikaomba maji ya kunywa. Mama Nduku akanikaribisha karibu na jiko lake la nje, sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ikichemka juu ya mafiga matatu. Moja lilikuwa na tope ubavuni, na kwenye tope alama za meno ya tairi. Ole wangu, nilitamani nisingeliona.

"Mama, figa hili lilikuwa wapi asubuhi?"

Akakoroga isyo bila kunitazama.

"Ni langu," akasema. "Alichukua bila kuomba. Sasa mimi ningepikia wapi?"

Mutua akaachiliwa. Mama nilimhurumia kwa kweli, maana hata ghala ilikuwa yake.

Sasa nimestaafu. Mke wangu husema hata malaika akija kunichukua nitamwomba kitambulisho. Labda. Lakini nikiona lori limesimama mteremkoni, simtazami dereva. Natazama kwanza ni boma gani linapika.