Sanduku la Vitabu Lililokaa Chini

Juzi nilifungua kabati la mama la kuwekea nguo, nikapokelewa na harufu ya udongo mbichi wa mchwa. Moyo ulinilipuka. Bibi mzima mwenye wajukuu, nashtushwa na udongo! Mtanicheka, lakini nyinyi hamkusoma darasa la kwanza pamoja nami.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mungaa, kilikuwa bado kipya, na kuta za matembe, nyumba zetu za udongo, zilikuwa hazijakauka vizuri. Shule ilikuwa chumba kimoja, magogo ya kukalia na ubao. Tuliimba herufi asubuhi nzima, na tukitoka nje tunaziacha hukohuko ubaoni. Hata wakubwa wa darasa la tatu hawakujua kusoma. Ndipo Serikali ikaamua kwamba shule kama yetu, zilizobaki nyuma, zipewe vitabu vya kuanzia. Lori kutoka Singida Mjini likashusha sanduku moja la mbao, pamoja na taarifa: mkaguzi atakuja baada ya mavuno, na akikuta tunasoma, litaletwa la pili.

Mwalimu Gabrieli, kijana mpole mgeni kutoka mikoa ya ziwa, alitugawia vitabu siku hiyo moja tu. Vilinukia gundi na wino. Kisha akatazama mikono yetu ilivyojaa vumbi, akaingiwa na woga.

"Hii ni mali ya Serikali," alisema. "Mkaguzi avikute visafi hivihivi."

Akavikusanya na kupiga kufuli. Changu nilikuwa nimekikalia.

Nilikificha nyumbani ndani ya lindo, lile pipa la gome la mti ambamo mama aliwekea uwele. Mchana, mama akiwa shambani, nilikifukua, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikazitafuta herufi za ubaoni moja moja. Siku niliyolipata neno "kuku" nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa. Raha yenyewe ilikuwa ya wasiwasi mtupu. Mbwa akibweka, nakitupa kitabu kwenye uwele. Mama akikohoa, nadhani ameshajua.

Kisha ikafika zamu yangu ya kufagia darasa. Nyuma ya sanduku niliona mstari mwembamba wa udongo mbichi ukipanda kutoka sakafuni. Kila mtoto wa kwetu anaijua njia ya mchwa. Ndiyo maana lindo la mama lilikaa juu ya mawe, na kila wiki alilizungushia majivu. Sanduku la Serikali lilikaa chini, na Mwalimu hakuwa na mazoea ya kutazama nyuma yake.

Nilikwenda hadi mezani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Hakuna, Mwalimu."

Ningesema, sanduku lingefunguliwa. Likifunguliwa, kimoja hakipo. Nikarudi kwenye ufagio wangu na kuubomoa ule mstari. Kesho yake ulikuwa umejengwa upya, mnene zaidi. Niliubomoa tena na tena, sisemi, na usiku nililala usingizi wa mang'amung'amu, nikishtukashtuka.

Mavuno yakapita, mkaguzi akaja. Mwalimu alivaa shati jeupe, akafungua kufuli kwa madaha. Alipoinua kifuniko, harufu ile ikatoka. Ndani palikuwa na udongo na vipande vya majalada. Mwalimu alichuchumaa, akatia mkono, akachota udongo, akautazama. Sikuweza kuvumilia. Nilitoka mbio mpaka nyumbani, nikarudi na kitabu kikiwa na punje za uwele kati ya kurasa.

"Nilikiiba," nilisema, nikihema.

"Soma," akasema mkaguzi.

Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkaguzi alimgeukia Mwalimu, akasema taratibu, "Ndugu Mwalimu, katika vitabu vyote tulivyokuletea, kimesomwa hiki kimoja."

Mwalimu alinichapa fimbo mbili, maana wizi ni wizi. Kisha akanirudishia kitabu kile, akaagiza kilale kila siku kwenye nyumba nyingine. Kilirudi kimechakaa, kina mafuta ya karanga na alama za vidole. Sanduku la pili lilipokuja, lilikaa juu ya mawe, limezungushiwa majivu, na kufuli hatukuliona tena.

Miaka mingi nilidhani siri ya ule mstari ni yangu peke yangu. Mama alipokuwa mzee sana, nikamweleza. Akashangaa kwamba nimekaa nayo muda wote huo.

"Mbona tuliuona sote, sisi kina mama, tulipokwenda kusiriba sakafu ya shule kwa samadi? Nani angegusa sanduku la Serikali, mwanangu?"

Nilidhani maneno hayo yangenipa nafuu. Hayakunipa. Wao walinyamaza kwa heshima, Mwalimu alifunga kwa heshima. Mimi nilijua raha ya kusoma, nikanyamaza kwa sababu cha kwangu kilikuwa salama.

Nilichapwa fimbo mbili kwa kitabu kimoja nilichoiba. Kwa vile vingine vyote vilivyoliwa nikitazama, hakuna aliyenichapa.