Kofia Yangu Iliyosimamisha Roketi

Jamani, tangu siku ile nikivaa kofia kazini watu wanatazama mbinguni, basi bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wenye kutia chumvi.

Roketi ilikuwa Duqm, kusini huko, ila sisi wa kituo cha hali ya hewa cha Hail ndio tuliotakiwa kurusha puto la kupima upepo na unyevu wa juu, na bila ya majibu yetu hairuki. Wakubwa wamealikwa, familia nazo, na mama yangu kaja kutoka Al Amerat kakaa mstari wa mbele (na birika lake la kahawa, nani kamwambia?). Mimi nimeshika kile kiboksi cha vipimo kinachoning'inia chini ya puto, jua linachoma, na kiboksi hakitakiwi kupata moto kabla ya kuruka, nikaona ah, dakika mbili tu, nikakivika kofia yangu, tena kwa kuogopa upepo nikaifunga kwa uzi. Akili gani hiyo, niambieni!

Mara wakahesabu tatu, mbili, moja, mama ananipungia mkono, nami mpumbavu nampungia, nikaachia.

Kofia hiyo, inapaa. Nikajidanganya kwamba hakuna aliyeona.

Namba za vipimo zikaanza kutufikia kwenye kompyuta, na mkubwa wetu, Bwana Khalfan, akashika kipaza sauti: "Unyevu umezidi mno, kuna wingu zito juu yetu. Duqm wasubiri." Watu wote wakainua vichwa, mbingu buluu tupu, wingu hata la dawa hakuna. Lilikuwa jasho langu, jasho la kichwa changu tangu alfajiri!

Nikamsogelea. "Bwana Khalfan, si wingu. Ni kofia yangu." Nilimnong'oneza, lakini kipaza sauti kikainasa kila herufi.

Mama akasimama. "Ipi, Nasor? Ile nlokushonea miezi mitatu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya Rabbi! Na jana nlikwambia uifue!"

Wakubwa wakacheka mpaka wakafuta machozi, mimi natamani ardhi inimeze.

Puto la pili aliliachia mwenzangu Salma, mimi nimeambiwa nikae kwenye kiti, mikono magotini, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Roketi ikaruka salama. Nami nimeapa: kofia yangu haitoki kichwani tena, na siku ikitoka, inakwenda moja kwa moja kwenye beseni.