Khasandi Bado Yuko Mtandaoni

Usinicheke. Nimemaliza kidato cha nne, mimi si mtu wa kuona majini kwa kila kichaka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Kakamega mjini.

Nina kibanda cha gemu. Vijana huja kucheza mpira wa kwenye skrini. Mwaka jana niliacha diski, nikanunua gemu kwenye duka la mtandaoni. Akaunti ikataka jina. Nikaandika la binti yangu: Khasandi.

Kosa lilikuwa hapo. Kwetu mtoto akizaliwa akalia bila kunyamaza, kukhu wake, yaani nyanya, humtajia majina ya marehemu mmoja mmoja. Akinyamaza, basi mwenye jina hilo amekubali kukaa naye. Wangu alinyamazia Khasandi. Jina kama hilo unampaje mtu usiyemjua?

Siku hiyo mvua yetu ya alasiri ilimwagika, vijana wakakimbia, stima ikapotea, nikabaki na binti yangu mgongoni. Skrini moja haikuzima. Ilisema leseni haijathibitishwa. Kugeuka, naona mwanamke amesimama ndani, nguo kavu. Niambie, nani hupita mvua ile akabaki mkavu?

"Mama Khasandi, hii gemu ni ya nani?"

"Yangu. Nilinunua."

"Hukununua. Uliruhusiwa kucheza tu, na ruhusa imeisha. Kwani husomangi masharti?"

"Nani anasomanga hayo? Rudisha gemu yangu ama utoke kwangu!"

Akacheka. "Gemu nimeshachukua. Nimekuja kwa mwenye akaunti."

Akanyoosha mikono kwa mtoto, mgongoni mwangu. Uso wake ulimulikwa na buluu ya skrini, hata alipoipa skrini kisogo. Nikavuta mlango, ukakataa. Nikapiga teke mabati, yakasimama kama jiwe. Nikapiga mayowe, mvua ikayameza. Hapo binti yangu, mtoto wa miaka miwili, akaanza kulia kile kilio cha siku aliyozaliwa. Nikaelewa: jina linamtoka.

Kukhu hayuko. Nikaanza kutaja mwenyewe, kwa hasira, kila marehemu wa ukoo wa mume wangu niliyemkumbuka. Hakuna. Kilio kinapanda, ile mikono imeshagusa leso niliyombebea. Nikafika kwa Mmbone, shangazi yao, mwanamke ambaye hata fahali alimpisha njia. Mtoto akanyamaza, kimya! Mlango ukaachia. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, na sakafu haikuwa na tone la maji.

Amini usiamini, tangu siku hiyo mimi ni Mama Mmbone. Ukimwita Khasandi, hageuki. Gemu sikurudishiwa. Lakini kila jioni simu inaniarifu: Khasandi yuko mtandaoni, anacheza. Nimewaandikia wenye duka wafute akaunti mpaka vidole vikachoka. Jibu lao ni moja: ombi lazima litoke kwa mwenyewe.

Mwenyewe yupi?

Wewe nunua unachotaka, ni pesa zako. Lakini wakikuuliza jina, usiwape la mtu wa kwenu. Andika la mbuzi.