Fundi wa Saint-Josse na kaka aliyevuka mto bila kuaga

Saa tatu asubuhi, Abigaël Lituka anafungua duka lake la kushona katika mtaa mwembamba wa Saint-Josse, jijini Brussels. Kabla ya kuwasha taa ya cherehani, anapita nyuma ya pazia na kujaza maji madumu mawili ya njano. Bomba liko palepale, na halijawahi kukauka tangu apange chumba hiki.

Mteja aliyefuata sketi yake anamcheka. "Maman Abigaël, hapa ni Ulaya! Maji ya nini yote haya?"

"Bomba iko, naona," anajibu, pini zikiwa bado mdomoni. "Hata Kisangani bomba ilikuwako. Bon, jaribu sketi."

Mwezi Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyokuwa yameingia Kongo kama washirika, yaligeuziana mizinga katikati ya jiji la Kisangani. Kwa siku sita wakazi walinaswa majumbani mwao. Umeme ulikatika, na maji yakafuata.

Abigaël alikuwa mjane kabla ya vita hivyo kwisha. Mume wake, Tshibangu, mwalimu wa shule ya msingi, alivumilia kilio cha binti yao Océane, mtoto wa miaka miwili, mpaka akashindwa. Milio ilipotulia kidogo alichukua madumu akaenda mtoni. Hakurudi.

"Tulimukuta amelala karibu ya ukuta wa masomo, shule yake," anasema Abigaël. "Bidon moja ilikuwa ingali na maji. Nikanywesha mutoto. Alors, ungefanya nini?"

Walimzika uani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda makaburini.

Lakini si jeshi lolote kati ya yale mawili ambalo Abigaël hulitaja kwanza anapozungumzia kifo hicho. Humtaja kaka yake, Constant.

Constant alikuwa dereva wa maofisa wa mojawapo ya majeshi hayo. Nyumba yake na ya dada yake zilitazamana. Jioni ya mwisho kabla ya mizinga kuanza, alimpakia mke wake na watoto wake ndani ya mtumbwi, akavuka mto Kongo hadi ng'ambo ya Lubunga. Hakubisha hodi kwa dada yake.

"Alijua," Abigaël anasema. "Muntu hapakie batoto na magodoro ndani ya pirogue mangaribi juu ya matembezi tu."

Tulipompigia Constant simu, alizungumza kwa adabu ila hakutaka kusimulia. "Ya Kisangani ibakie Kisangani," alisema, akaomba radhi, akakata.

Haikubakia. Constant alitangulia Ubelgiji na kupata nyumba Koekelberg. Abigaël akaja miaka kadhaa baadaye na binti yake. Wakati huo watu wa Kisangani waishio Brussels walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wapo waliolitumikia jeshi hili, wapo waliolitumikia lile, na wapo waliofiwa tu. Kila Juni husomwa misa mbili kuwaombea marehemu walewale, katika makanisa mawili tofauti, na anayekwenda huku haonekani kule.

Mama yao, Mbombo, hakwenda kokote. Alipoletwa Ubelgiji, alikaa katika nyumba ndogo huko Jette, akawapokea wanawe kwa zamu: Constant Jumamosi, Abigaël Jumapili. Alipika pondu, yaani kisamvu, mara moja tu, Jumamosi, na kuweka akiba.

"Nilikuwa nakula pondu ya jana," Abigaël anasema. "Nilijua ni nani ameiacha. Maman alikuwa ananiangalia nikikula, hasemi kitu. Mi pia sisemi."

Januari mwaka huu Mbombo alifariki hospitalini, baada ya mapafu yake kuwa mabovu kwa muda mrefu.

Kwa desturi yao, wana wa marehemu huvaa kitenge cha namna moja siku ya maziko. Océane, ambaye sasa ni mwanamke wa karibu miaka thelathini, alinunua kitenge cha rangi ya udongo na kukileta dukani. Abigaël alikata gauni lake, akakata la binti yake, akaanza kukunja kilichobaki.

"Na tonton?" Océane aliuliza, akimaanisha mjomba wake.

"Tonton yako ana fundi yake."

"Maman, ni mama yake pia."

Abigaël alimaliza kukunja. Binti yake alipokwenda, alikunjua kitambaa. Hakuwa na kipimo cha Constant, wala hakutaka kukiomba. Alikata shati kwa kumkumbuka alivyokuwa Kisangani, kijana mwembamba aliyevaa suruali kwa mkanda wa kubana. Océane ndiye aliyelipeleka Koekelberg.

Siku ya misa, Constant aliingia kanisani akiwa amelivaa. Amekuwa mzee mnene. Vifungo havikukutana, na mikono iliishia karibu na viwiko. Ndani yake alivaa shati jeupe, ili asionekane kifua wazi. Watu wa pande zote mbili walitazama, kisha wakatazama chini.

Makaburini walisimama kila mmoja upande wake wa shimo. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Constant alizunguka akamfikia dada yake.

"Imekuwa ndogo," alisema.

"Umenenepa, yaya," Abigaël alimjibu, kwa neno lao la kumwita kaka mkubwa.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu vita. Océane, aliyesimama karibu, anasema alidhani watakumbatiana. Badala yake mjomba wake alisema kwa sauti ya chini, "Pirogue ilikuwa imejaa, Abigaël."

"Mi sikukuomba nafasi ndani ya pirogue," dada yake alimjibu. "Ulikuwa na mudomo. Ungesema tu: kesho ni vita, chota maji."

Constant aligeuka. Kisha akaenda kwenye gari lake.

Abigaël hasemi kwamba amesamehe. Ukimuuliza, anakazia macho kitambaa na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Tunalojua ni kwamba vipande viwili vya kitenge kile cha rangi ya udongo bado amevihifadhi, na kwamba vinatosha kupanua ubavu wa shati na kurefusha mikono. Wiki iliyopita Océane alijitolea kwenda Koekelberg kumpima mjomba wake na kuleta vipimo kwa simu.

Mama yake alikataa.

"Aje yeye mwenyewe, asimame hapa," anasema, akionyesha nafasi iliyo wazi mbele ya kioo. "Mi nitamupima. Nitamugusa mabega, nitamugusa mikono. Atakaa kimya, na mi nitakaa kimya. Ile nitaweza."

Hadi tunakwenda mitamboni, Constant hajaja.