Dobi Aliyepandishwa Cheo

Karani mstaafu, mwandishi wa riwaya za kihistoria kwa kujiteua mwenyewe, alimpandisha babu yake cheo kila rasimu. Kwanza askari, mara jemadari wa majeshi matatu. Ikabaki picha ya jalada, na ya babu ilikuwapo moja tu, kwa shangazi yake: babu ameshika pasi ya mkaa.

"Pasi tutaifuta, tuchore upanga."

"Baba yangu alikuwa dobi, mwanangu. Vita vilipoanza alijificha kwenye pipa la nguo chafu. Andika hilo."

"Shangazi, nani atasoma habari za pipa?"

"Basi mtafute jemadari wako kwingine." Akaifungia picha kabatini.

Kitabu kikatoka. Jaladani yumo karani mwenyewe, kitambi mbele, kashika upanga wa plastiki.