Bwana Nafasi

Mdogo wangu alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama mwenyewe alikiri, na mimi niliyembeba mgongoni najua ninachosema.

Kazi yake ilikuwa kukadiria uzito wa magari juu ya madaraja. Ofisini kwao kompyuta ilipitisha malori ya kubuni kwenye daraja la kubuni, miaka na miaka, ili waone vyuma vitaelemewa lini. Nilimwambia huo ni mchezo wa watoto. Akacheka, akajiongezea sukari kwenye chai ambayo hakuwahi kuilipia.

Kibanda changu cha chai kipo mwisho wa daraja la mto, jirani na mizani ya kupimia malori. Malori yakisubiri kupimwa, foleni inarudi nyuma mpaka darajani, na madereva wanashuka kuja kwangu. Foleni hiyo ndiyo iliyonisomeshea wanangu, tena bila baba yao.

Siku moja alikuja na kamera, akakaa kwenye benchi langu kutwa nzima akiyapiga picha malori yaliyosimama. Alipoinuka uso ulikuwa umemshuka.

"Dada, sisi tumekuwa tukipigia hesabu malori yanayokwenda," alisema. "Yakienda yanaachiana nafasi. Hapa yamesimama bampa kwa bampa, kila dereva anaogopa kuchomekewa, daraja zima limejaa. Mizani imewekwa ili ililinde daraja, kumbe ndiyo inayolipakia."

"Kwa hiyo?"

"Mizani ihamishwe mbali."

"Na mimi nihamie wapi?"

 Akaosha kikombe chake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani.

Aliandika ripoti. Wakubwa wakasema bajeti hakuna, na daraja limesimama tangu enzi za baba zao. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Yeye akazunguka ofisi hii na ile, akipiga kelele, mpaka wakamtoa kazini. Mkewe akarudi kwao.

Ndipo akaanza kuja na kitambaa chekundu. Asubuhi anasimama darajani katikati ya malori: "Bosi, mwachie wa mbele nafasi. Urefu wa lori moja tu." Wengine walimwonea huruma, wengine walimrushia maji machafu kwa matairi. Wakambatiza Bwana Nafasi, na kuniuliza kama tumeshampeleka hospitali. Niliona aibu mpaka nikaacha kusema ni ndugu yangu.

Siku moja nilimbana. "Na ukiwa umekosea?"

"Nitafurahi kuliko nyinyi nyote," alisema. "Kila siku naomba niwe nimekosea, dada."

 Nikamkatia mkate.

Mvua iliponyesha, lori moja lililokuwa limesimama liliachia breki, likaserereka mbele. Alikuwa amelipa mgongo lori hilo, anamwita dereva mwingine. Lilimbana hapo hapo, kwenye nafasi aliyoiomba yeye mwenyewe. Dereva alikaa kwenye benchi langu akilia, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Tulimzika. Niliporudi kufungua kibanda, foleni ilikuwa imeziba daraja lote, bampa kwa bampa. "Pole sana, Mama Chai," madereva waliniambia, kisha wakaagiza. Niliwasha jiko. Vikombe vikaanza kugongana rafuni, kama vilivyogongana miaka yote kila foleni iliposogea na daraja kutikisika, na mimi nilishazoea. Siku hiyo sikuweza kuvumilia kuvisikia.

Nikazima jiko. Kitambaa chake polisi walikuwa wamenikabidhi pamoja na viatu. Nilikichukua, nikatembea kando ya malori mpaka ng'ambo, yanakoingilia darajani. Nilimchukia mdogo wangu kwa kunifikisha pale.

Lori likaja. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja wa mbele asogee kwanza, baba."

Dereva alichungulia dirishani, akanitambua. "Mama Chai? Sasa chai nani anatupa?"

"Leo hakuna chai," nikasema. "Acha nafasi."