Sista Molly na Maswali Kumi na Manane

Sista Molly Aoko alikuja kwenye kliniki ya misheni karibu na Silibwet mwaka wa 1994, akitoka upande wa ziwa. Alikuwa mfupi, sweta lake limetoboka kiwikoni, na yeye alimsalimia kila mtu "Chamgei", salamu ya kwetu, kwa ulimi mzito. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Miaka hiyo, baada ya mapigano, watu wetu na watu wa kwao walikuwa bado wanaangaliana kwa pembeni, na mtu akijifunza salamu yako haraka hivyo, lazima ujiulize anatafuta nini.

Nilimpeleka huko mwanangu Kipkirui, wa miaka ishirini, aachishwe pombe ya chang'aa na bangi. Lakini kijijini ilijulikana kwamba kabla ya dawa, kila kijana aliingizwa chumbani peke yake, akaulizwa maswali kumi na manane kutoka kwenye karatasi. Ya pombe yalikuwa mawili tu, mengine yote yalikuwa ya mambo ya kichwa. Nikamwuliza Rodah, aliyekuwa akifagia, karatasi hizo huenda wapi.

"Kwa kabati."

"Na zikitoka kwa kabati?"

Akainua mabega.

Kijana akishaandikwa kwamba kichwa chake si kizuri, kiwanda cha chai hakimrudishi kazini, na hakuna boma litakalompa msichana wa kuoa. Kwa hivyo nilikuwa nimemfundisha njiani: chochote atakachoulizwa, aseme hapana.

Kipkirui hakukaa sana ndani. Sista Molly akatoka na karatasi, akaketi kando yangu kwenye benchi.

"Mama, kijana wako ni mtiifu."

"Ni mtoto mzuri."

"Nimemwuliza kama anasikia sauti, hapana. Kama analala usiku, hapana. Kama kuna chakula anachopenda, hapana. Kama jina lake ni Kipkirui, hapana." Akanitazama. "Mwalimu wake alikuwa na haraka."

Rodah akacheka hadi akaegemea ufagio. Mimi nikaangalia ukuta.

Sista akashusha sauti. "Nimemwuliza pia kama amewahi kutaka kufa. Hapo alinyamaza. Hata hapana hakusema."

Tangu Pasaka nilikuwa nimeificha kamba ya ng'ombe chini ya godoro langu, baada ya kumkuta nayo zizini. Hata baba yake hakujua. Mwanamke huyu sikumwamini. Lakini kurudi nyumbani na dawa ya pombe peke yake niliogopa zaidi.

"Nikisema, utaandika?"

"Nitaandika."

"Na kiwanda kitasoma?"

"Ufunguo wa kabati ni mmoja, ninao mimi."

"Wote husema hivyo."

"Basi kaa uangalie ninavyoandika."

Nikamwambia. Akaandika polepole. Nikamtaka anisomee, kisha anisomee tena, nikifuata kwa kidole, maana nilifika darasa la nne na herufi nazijua. Maneno yalikuwa yangu, hakuna alilozidisha.

Kipkirui alilazwa siku hiyo hiyo, kitanda cha mbele ya meza ya Sista. Nilisimama kando ya mwanangu. Kila mara Sista alipokuja kumwangalia, mimi nilimwangalia yeye. Hakukasirika. Mara ya nne alikuja akivuta kiti, akakiweka nyuma yangu, akaendelea na kazi yake.